Krimu ya kunyolea hudumu kwa muda gani katika joto la Doha?

Krimu ya kunyolea si chakula, na kwa sababu hiyo wengi huichukulia kuwa kitu kisichoharibika. Hata hivyo, mjini Doha, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi katika siku nyingi za Juni hadi Agosti, krimu iliyowekwa mahali pabaya inaweza kuharibika kabla ya tarehe iliyochapishwa. Ile ya kopo lenye gesi inaweza hata kupasua kopo lake.

Jambo hilo linawagusa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Qatar wakiwa walinzi, madereva au wahudumu wa hoteli, kazi ambazo mara nyingi humtaka mtu awe amenyoa kila siku. Ndevu zilizojikunja, zikishanyolewa, huelekea kurudi ndani ya ngozi na kuzusha vipele. Krimu iliyoharibika hutoa povu hafifu, wembe hukwaruza, na vipele huongezeka.

Kilichomo ndani

Krimu nyingi za kunyolea ni sabuni laini iliyochanganywa na maji mengi, gliserini, mafuta na manukato. Sabuni hiyo kwa kawaida hutokana na asidi ya steariki. Zile zinazopakwa bila burashi huwa na mafuta mengi zaidi na sabuni kidogo, nazo hutegemea zaidi dawa za kuzuia bakteria na kuvu.

Adui wa mchanganyiko huo ni watatu: joto, hewa na maji machafu. Joto hutenganisha mafuta na maji, hewa huchachisha mafuta, na maji machafu huingiza vijidudu. Sabuni ngumu ya kunyolea, kwa kuwa ina maji machache, huvumilia kuliko zote. Ikikaushwa vizuri kila baada ya matumizi, inaweza kudumu miaka kadhaa.

Namna ya kusoma alama

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, bidhaa inayodumu miezi 30 au pungufu lazima ioneshe tarehe ya mwisho wa matumizi. Inayodumu zaidi ya hapo huwekewa mchoro wa kopo lililofunguliwa kifuniko, wenye tarakimu kama 12M, yaani miezi 12 tangu siku ilipofunguliwa. Utaratibu wa mchoro huo ulianza mwaka 2005. Makopo yenye gesi huweza kukosa mchoro huo, kwa sababu hewa haiingii ndani. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho hailazimishi vipodozi kuwekewa tarehe ya mwisho.

Kwa kuwa maduka ya Doha huuza bidhaa kutoka nchi nyingi, ni vyema kuandika kwa kalamu siku uliyofungua krimu.

Tarehe na joto

Watengenezaji wanapotaka kujua krimu itadumu kwa muda gani, huiweka kwa miezi kadhaa katika chumba chenye nyuzi joto 40 au zaidi ili izeeke upesi. Jaribio hilo la maabara ndilo linalojirudia kila kiangazi katika stoo isiyo na kiyoyozi mjini Doha. Kwa hiyo tarehe ya kopo ni ahadi yenye sharti: inamhusu aliyeihifadhi krimu mahali pa baridi ya kadiri.

Tangu mwaka 2021, Qatar imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kati ya tarehe 1 Juni na 15 Septemba. Kipindi hicho kinachowatisha binadamu ndicho pia cha kuichunga krimu.

Mahali pa kuweka

Kabati la chumbani chenye kiyoyozi linafaa kuliko rafu ya bafuni, ambako mvuke ni mwingi na makopo ya chuma hushika kutu. Anayekwenda likizo na kuzima kiyoyozi asiiache krimu karibu na dirisha. Friji si lazima, na kuigandisha krimu huvunja mchanganyiko wake.

Kopo lenye gesi kamwe lisiachwe garini. Makopo hayo huandikwa onyo la kutopita nyuzi joto 50, ilhali gari lililoegeshwa juani wakati wa kiangazi linaweza kupita kiwango hicho. Lisitobolewe wala kuchomwa moto, hata likiwa tupu.

Katika vyumba vinavyokaliwa na watu wengi, krimu ya mrija ni salama kuliko ya kopo la kuchovya vidole. Wembe na burashi visiazimwe.

Dalili za kuharibika

Itupe krimu iliyobadilika rangi, inayonuka mafuta yaliyochacha, iliyojitenga maji, yenye madoa ya kuvu au isiyotoa povu. Vipele vikitoa usaha au vikiambatana na homa, mwone daktari.

Mzigo wa nyumbani

Wengi hununua krimu za bei nafuu ili kuwapelekea ndugu. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humruhusu abiria kubeba makopo ya gesi ya vipodozi yasiyozidi nusu lita kila moja, na jumla ya lita 2. Katika mkoba wa mkononi, mwisho ni mililita 100 kwa kila kimoja. Ni busara kuliuliza shirika la ndege kwanza. Kwa mzigo wa meli, ambao hukaa siku nyingi ndani ya kontena lenye joto, chagua sabuni ngumu badala ya krimu, na usiweke makopo ya gesi. Kabla ya kulipa, tazama tarehe: bei inayoshuka ghafla mara nyingi ni ya bidhaa ambayo muda wake umekaribia kwisha.