Mputu alikuwa na bei gani?

Leo naacha mbolea na muhindi pembeni. Kuna mabishano moja mu Manika ambayo ni ya zamani kuliko jimbo letu la Lualaba lenyewe: Trésor Mputu, TP Mazembe ingemuuzisha wakati ule, ao ilifanya vizuri kumubakisha? Peleka ile swali ku nganda, ku salon ya kunyoa nywele, ao ndani ya teksi ya kwenda Dilala, utapata majibu mbili na makelele mingi. Wa upande mumoja wanasema: "Mputu hakukuwa na bei, mutu hauzishe roho yake." Wengine wanajibu: "Kila kitu iko na bei, na bei iko na siku yake. Ile siku ilipita."

Mimi nilisoma agronomia, sikusoma uchumi wa mupira. Lakini bei ya kitu chenye hakidumu, ile naijua. Na hii swali ilianza mbele ya Mputu kuzaliwa.

Wakati wa wakoloni, Wakongomani walikuwa wanacheza Ulaya tayari. Léon Mokuna, yule waliitaka Trouet, alikwenda Sporting ya Lisbonne mwaka 1954, kiisha akacheza La Gantoise kule Ubelgiji. Paul Bonga Bonga alikuwa Standard de Liège. Julien Kialunda alifika mupaka Anderlecht. Watu waliwaita Belgicains. Mwaka 1966 Mobutu aliwaita warudi nyumbani kutumikia timu ya taifa, na nyuma ya pale mulango ukafungwa: muchezaji mukubwa wa Kongo alikuwa mali ya inchi. Angalieni tarehe vizuri. Ni mwanzoni mwa 1967 njo Union Minière ilipokonywa Wabelgiji ikawa kampuni ya serikali, ile tuliyokuja kuita Gécamines. Mashaba ikawa ya inchi, na miguu pia ikawa ya inchi. Mwaka ule ule wa 1967 Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni Mazembe, ikachukua kombe la Afrika, ikalichukua tena 1968.

Ule mulango wenye kufungwa ulileta matunda, siwezi kukatala. Bwanga Tshimen wa Mazembe alipewa Ballon d'or ya Afrika mwaka 1973. Mwaka 1974 Zaire ilichukua kombe la mataifa kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika shindano moja. Fainali ya kwanza na Zambia ilikuwa 2-2, ikarudiliwa, Zaire ikashinda 2-0. Yale magoli yote mane ni yeye. Leo muchezaji akifanya nusu ya vile, asubui yake simu za mawakala zinalia mupaka batri inaisha. Ndaye yeye, bei yake haikujulikana hata siku moja, juu hakuna mutu aliruhusiwa kuuliza.

Mwisho wa ile habari ni mubaya. Mwaka 1994 walimuita Tunisia kumupa heshima wakati wa kombe la mataifa. Aliporudi Kongo, wezi wenye silaha wakamuvamia na kumupiga risasi, wakizani alirudi na makuta mingi. Makuta haikuwako. Alikimbilia Afrika Kusini, akafia kule mwaka 2019. Kila nikisikia mutu anasema "hana bei" kama sifa, namufikiria Ndaye. Kwa watazamaji hakukuwa na bei. Kwa wezi alikuwa nayo. Yeye mwenyewe hakuona hata moja.

Sasa turudi kwa Mputu. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1985, akaingia Mazembe 2002. Prezida wa ekipe alikuwa Moïse Katumbi, aliyeishika tangu 1997, na ambaye 2007 akawa pia gavana wa Katanga. Hapa kitu kipya kilitokea, na mara mingi tunakisahau: hakuna sheria ya Mobutu tena, mulango uko wazi, lakini ekipe inalipa vizuri kiasi kwamba muchezaji anaweza kubakia. Makuta ya mashaba njo ilikuwa inazunguka Katanga wakati ule, na sehemu yake ilifika ku mupira. Mputu akabakia. Mwaka 2009 alikuwa ndani ya timu ya Kongo iliyochukua CHAN ya kwanza kule Abidjan, 2-0 mbele ya Ghana. Mwaka ule ule Mazembe ikachukua Ligi ya Mabingwa mbele ya Heartland ya Nigeria. CAF ikamupa zawadi ya muchezaji bora wa 2009 kati ya wale wanaocheza Afrika. Alikuwa na miaka 24.

Sisi wa shamba tunaitaka ile siku ya kuvuna. Miaka 24, zawadi mukononi, kombe nyumbani: bei haitapanda tena juu ya pale.

Mwezi wa tano 2010, kule Kigali, ndani ya kombe la Kagame, Mazembe ilikuwa inacheza na APR. Mputu alimushambulia muamuzi, na FIFA ikamukataza mupira wa dunia nzima mwaka muzima; Guy Lusadisu naye alikatazwa. Bei yake ilianguka siku moja, sawa vile shamba la nyanya lenye kupigwa na mvua ya mawe wiki moja mbele ya soko. Na muone ubaya wa kalenda: ni katika ile mwaka ya azabu njo Mazembe ilipiga Espérance ya Tunis 5-0 ku Lubumbashi, kiisha ikaenda Abu Dhabi ku kombe la dunia la vilabu. Ikapiga Pachuca 1-0, ikapiga Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka wakifunga, Kidiaba akirukaruka juu ya matako, ulimwengu wote ukicheka na kushangaa. Hakuna ekipe ya Afrika ilikuwa imefika fainali mbele yao. Inter ya Milan ikashinda 3-0, lakini nani alijali? Mputu aliangalia yote akiwa nje.

Hapa wasapota wa upande wa "tungeuzisha" wanachukua nguvu: Mazembe ilifika fainali ya dunia bila yeye! Basi alikuwa anastahili bei gani kweli? Mimi siikubali ile hesabu. Ekipe iliyofika Abu Dhabi ilijengwa miaka mingi kwa kumuzunguka yeye, na bila kombe la 2009 ile moto haingewaka vile. Lakini wa upande wa "hana bei" nao wanapashwa kunieleza kitu: alipoondoka mwisho, mwaka 2014, alikwenda Kabuscorp ya Luanda. Miaka 28. Si Ulaya.

Nyuma ya bei kuna kitu kingine ambacho ku nganda hawakisemi, nacho ni mukataba. Tangu hukumu ya Bosman ya 1995, yule muchezaji wa Liège aliyeshitaki mupaka ku tribinali ya Ulaya, mukataba ukiisha muchezaji anaenda bure. Maana yake bei haiko ndani ya miguu peke yake, iko ndani ya miezi yenye kubakia ku karatasi. Kila mwezi ukipita, sehemu ya bei inahama kutoka kwa ekipe kwenda kwa muchezaji mwenyewe. Kwa hiyo swali "Mputu ni bei gani" haina jibu mupaka useme: bei ya nani?

Marekani wanafanya tofauti. Kule ekipe zinabadilishana watu, na mara mingi muchezaji haulizwi. Mwana wetu Dikembe Mutombo, mwezi wa pili 2001, Atlanta ilimutoa kwenda Philadelphia. Philadelphia ikatoa watu wane: Ratliff, Kukoč, Nazr Mohammed na Pepe Sánchez. Philadelphia ikafika fainali mwaka ule, ikashindwa na Lakers. Mutombo na mwenzake mumoja kwa watu wane! Ku Canada nako, mwaka 1988 Edmonton ilipomutoa Wayne Gretzky, mufalme wa hokei ya barafu, kwenda Los Angeles kwa wachezaji na dola milioni 15, mubunge mumoja aliomba serikali izuie. Munaona, hata wale wa barafu wanafikiri sawa vile Mobutu wakati mutu wao anaondoka.

Sasa angalieni mufano wenye kupinga wa Mputu, na ni wa nyumba ile ile. Mwaka 2011 Mazembe ilikutana na Simba ya Dar es Salaam ndani ya Ligi ya Mabingwa, ikashinda 3-1 na 3-2. (Kiisha ikafukuzwa ku mashindano juu ya karatasi za Bokungu, ile ni habari ingine.) Ku Simba kulikuwa kijana wa miaka 18, Mbwana Samatta. Mazembe ikamununua, pamoja na Patrick Ochan. Miaka karibu mitano alikula bukari yetu. Mwaka 2015 alifunga magoli 7 ndani ya Ligi ya Mabingwa, akafunga katika mechi zote mbili za fainali mbele ya USM Alger, akapata zawadi ile ile ya CAF aliyopata Mputu. Januari 2016, miaka 23, akaenda Genk. Kule akawa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, kiisha Januari 2020 akaingia Aston Villa, Mutanzania wa kwanza ku Premier League.

Zawadi moja, karibu umri mumoja, njia mbili. Wasapota wetu wanasema, "Samatta alikuwa mugeni, kumuachia ilikuwa rahisi." Inawezekana. Lakini mimi naona kwamba Samatta alipanda bei nyuma ya kuuzishwa, si mbele, na kila akipanda, kitu kidogo kinarudi huku. FIFA inasema asilimia 5 ya bei ya uhamisho wa kimataifa, mukataba ukiwa bado haujaisha, inagawiwa kwa vilabu vilivyomukomalisha muchezaji kuanzia miaka 12 mupaka 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka wa 12 mupaka 15, nusu ya asilimia kwa kila mwaka wa 16 mupaka 23. Miaka ya Samatta ya Lubumbashi inafika zaidi ya asilimia 2.

Hapa sasa niwaulize ninyi wa Manika, muache Mputu kidogo. Chukueni mutoto anayecheza leo ku kiwanja cha vumbi hapa kwetu, kuanzia miaka 12 mupaka 18. Fanyeni hesabu: miaka mine ya robo inafanya 1, miaka mitatu ya nusu inafanya 1 na nusu. Jumla asilimia 2 na nusu. Siku akiuzishwa Ulaya dola milioni 10, kilabu kidogo cha hapa kingepata dola 250,000. Ile makuta inaweka majani ku kiwanja, inanunua viatu, inalipa kocha. Lakini FIFA inalipa ile tu yenye kuandikwa: lisansi ya kila mwaka, jina la kilabu, tarehe ya kuzaliwa ya kweli. Mutoto akiondoka hapa na miaka 16 kwenda Lubumbashi bila karatasi, ama na miaka iliyokatwa ili aonekane mudogo, historia yake inaanzia kule alikofika. Manika haiko ndani. Mawe yetu tunayajua, yanaondoka na lori na tunabakia na vumbi. Huku hata lori haihitajiki, mutoto anapanda basi.

Njo maana nauliza hapa, juu tuko na watu wa sheria, watu wa uhasibu, watu wa informatike wenye kukaa nyumbani na diploma: ni nani kati yetu amekwisha kwenda ku kilabu kimoja cha batoto cha mutaa wake na kuomba kuona daftari la lisansi?

Mputu mwenyewe, nyuma ya Angola, alirudi Mazembe, akavaa tena nyeusi na nyeupe. Wa upande wa "hana bei" wanasema ile njo jibu. Wa upande mwingine wanasema ni kwa sababu hakuna mwingine alikuja kumununua. Ku nganda wangali wanabishana.