Karura: Maporomoko Yaliyopiganiwa

Siku za wikendi pale kwenye maporomoko ya Karura lazima ungoje zamu ya kupiga picha. Mto Karura unashuka mwambani, maji rangi ya chai mvua ikinyesha, na ni vigumu kuamini Kiambu Road iko karibu hivyo. Mbele kidogo kuna mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950. Historia hiyo watu wanaijua, angalau nusunusu. Ile ya 1999 ndiyo inayonikera vile tunavyoisimulia.

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Kufikia miaka ya 1990, vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kampuni binafsi kimyakimya. Na si ajabu: msitu umepakana na Muthaiga, Runda na Gigiri. Mwaka wa 1998 Wangari Maathai na wanawake wa Green Belt Movement walianza kuingia na miche kupanda palipofyekwa. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi, wakiwa na wabunge wa upinzani na waandishi wa habari. Getini wakapata genge la wanaume wenye silaha. Wangari alipasuliwa kichwa. Alienda kituo cha polisi na kutia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe.

Hapo ndipo wengi hukomea. Shujaa mmoja, damu, halafu Tuzo ya Nobel ya 2004. Sina neno na Prof, heshima zake ziko palepale. Lakini mwisho wa mwezi huohuo wanafunzi wa vyuo vikuu walishuka barabarani kuutetea msitu. Walikabiliana na polisi kwa siku kadhaa, mawe huku, vitoa machozi kule, na wengine wakaumizwa vibaya. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua kidogo maana ya kurudi nyumbani bila karatasi na kumtazama mama usoni. Wale walirudishwa kwa ajili ya miti. Tena ilikuwa serikali ya Moi, si ati unaposti tu halafu unalala.

Agosti mwaka huo, Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu wenyewe ulibaki mahali pa kuogopwa kwa miaka mingine kumi hivi, wezi na maiti za kutupwa, hadi jamii za karibu zilipoungana na Huduma ya Misitu na kuuzungushia ua wa umeme.

Waliorusha mawe 1999 sasa wako karibu miaka 50. Wakitaka kuona maporomoko, wanalipa tikiti getini kama mimi.