Rufaa za wajawazito mkoani Kigoma
Ushirikiano wa zahanati, vituo vya afya na hospitali katika kuokoa mama na mtoto. Kileleni ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kuanzia 2006, mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies uliviwezesha vituo vya vijijini kufanya upasuaji wa uzazi. Madaktari wasaidizi walifundishwa kupasua, wauguzi kutoa dawa ya usingizi: uamuzi wa busara, kwani bingwa angesubiriwa mno. Kila kifo cha uzazi hujadiliwa kikaoni, kosa litafutwe kwenye huduma, si kwa mtu wa kulaumiwa. Katika mwambao wa kusini, ambako baadhi ya vijiji hutegemea boti, rufaa huweza kucheleweshwa na upepo wa Ziwa Tanganyika.