Lada za Addis na ile Golf yangu ya dizeli

Mnisamehe kwa ukimya. Mwezi uliopita zamu za usiku zilinibana sana, mpaka siku moja nimepanda tramu namba 55 kurudi nyumbani Evere, usingizi ukanichukua, nikashtukia niko Da Vinci mwisho wa njia! Leo niko mapumziko, chai iko mezani, basi niwape historia kidogo. Msikimbie jamani, mwisho wake unamhusu mdogo wangu na lile gari analonidai.

Ghorofa ya chini yangu anakaa dada mmoja Mhabeshi, mtu wa Addis Ababa. Jumapili hunikaribisha kahawa, ile ya kwao ya kukaanga pale pale na kunywa vikombe vitatu. Ukutani kwake kuna picha ya marehemu baba yake ameegemea kigari cha bluu chini na nyeupe juu. Nikamuuliza, hii Fiat? Akacheka. "Hiyo ni Lada. Hiyo ndiyo iliyonisomesha." Baba yake aliiendesha teksi zaidi ya miaka ishirini. Alipofariki, wakaiuza kwa dereva mwingine, na mpaka leo akienda likizo huwa anaangalia namba za teksi barabarani, labda ataiona.

Lakini na mimi sikukosea sana kusema Fiat. Mwaka 1966 Wasovieti waliingia mkataba na kampuni ya Fiat ya Italia ili wajengewe kiwanda cha magari ya watu wa kawaida. Kikajengwa kando ya mto Volga, kwenye mji uliokuwa umebadilishwa jina mwaka 1964 ukaitwa Togliatti, kwa heshima ya Palmiro Togliatti, kiongozi wa wakomunisti wa Italia aliyefariki mwaka huo. Gari walilochukua ni Fiat 124, ambalo mwaka 1967 lilichaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya. Gari la kwanza kutoka Togliatti lilitoka Aprili 1970. Kwao waliliita Zhiguli, nchi za nje likauzwa kwa jina la Lada.

Ila Warusi hawakulichukua kama lilivyo. Barabara zao zilikuwa mbovu na baridi kali, Fiat yenyewe ingekatika katikati. Wakaongeza unene wa bati la bodi, wakalinyanyua juu zaidi kutoka ardhini, wakaimarisha springi, wakaweka breki za ngoma nyuma badala ya diski, na injini wakaibadilisha. Tena wakaacha tundu la kuingizia hendeli mbele, ili betri ikifa asubuhi ya barafu mtu azungushe kwa mkono. Ninyi mnaokumbuka Landrover 109 za kwenda Lushoto mnaelewa raha ya gari ambalo fundi anaweza kulifungua chini ya mwembe akiwa na spana na nyundo tu.

Sasa Ethiopia limefikaje? Septemba 1974 Mfalme Haile Selassie alipinduliwa na wanajeshi, serikali yao ikaitwa Derg. Mwanzoni Wasovieti walikuwa marafiki wa Siad Barre wa Somalia. Barre alipoivamia Ogaden mwaka 1977, wakamwacha, wakahamia upande wa Mengistu wa Ethiopia. Silaha zikaja, wanajeshi wa Cuba wakaja, na nyuma yao yakaja magari. Ndiyo Lada zikawa teksi za Addis.

Hapo kuna jambo lilinichekesha. Kiamhari gari wanaita mekina, na tairi wanaita goma. Ni maneno ya Kitaliano, maana Waitaliano waliikalia nchi hiyo kuanzia 1936 hadi 1941. Kwa hiyo gari la Kitaliano lilizunguka mpaka Urusi, likabadilishwa jina, likafika Addis, likakuta jina lake la Kitaliano linalisubiri!

Na hapa Ubelgiji zilikuwepo pia. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, NATO ilihamia hapa Evere kutoka Paris, baada ya Ufaransa kujitoa kwenye uongozi wake wa kijeshi. Wakajenga kwenye uwanja wa zamani wa ndege, na mpaka leo wako barabara ile ile, ingawa mwaka 2018 walihamia jengo jipya ng'ambo ya pili. Yaani jumba lililowekwa kumzuia Mrusi liko kwetu, na miaka hiyo hiyo Mrusi anauza magari yake katika mji huu huu bila wasiwasi. Moskvitch hapa ziliuzwa kwa jina la Scaldia, kutokana na jina la Kilatini la mto unaopita Antwerp. Mzee mmoja ninayemhudumia kazini aliwahi kuwa na Lada miaka ya themanini. Anasema aliinunua kwa sababu ya bei tu, na majirani walimtania: unajua kwa nini kioo cha nyuma cha Lada kina waya za joto? Ili mikono isigande wakati wa kuisukuma.

Hapa Lada zimebaki chache sana, za wapenzi wa vitu vya kale. Addis hazikuondoka. Derg ilianguka Mei 1991, Mengistu akakimbilia Zimbabwe, na Umoja wa Kisovieti wenyewe ukafa Desemba mwaka huo. Teksi zikaendelea kupanda vilima vya Addis, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari.

Wazungu wakiziona huko hupiga picha na kusema Waafrika wanajua kutunza. Jirani yangu hukasirika akisikia hivyo. Anasema baba yake hakuitunza kwa mapenzi, alikosa njia nyingine. Kodi za kuingiza gari Ethiopia zimekuwa nzito mno kwa miaka mingi, wakati mwingine kodi inapita bei ya gari lenyewe. Dereva wa teksi atapata wapi? Basi unakwenda Merkato, sokoni, unatafuta kipuri kilichotoka kwenye Lada iliyokufa unakitia kwenye iliyo hai. Pale Merkato kuna sehemu inaitwa Minalesh Tera ambako chuma chakavu kinapewa maisha mapya. Utundu wa mafundi ni wa kweli, na umaskini nao ni wa kweli. Mimi kama nesi naongeza: Lada ile haina mifuko ya hewa, na moshi wake anauvuta dereva kutwa nzima. Baba wa jirani yangu alifariki kwa ugonjwa wa mapafu. Sisemi ni gari, nami sikuwahi kumpima. Lakini nilipoangalia tena ile picha sikuiona kama mwanzo.

Sasa mambo yamegeuka. Mwaka 2024 Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, ni ya umeme tu. Mafuta yanakula fedha zao za kigeni, na umeme wa maji wanao, tena bwawa lao kubwa la Mto Nile limezinduliwa Septemba 2025. Siku za Lada zinahesabika.

Haya, nifike kwako mdogo wangu. Uliniomba ile Golf yangu ya dizeli. Ni kweli siiendeshi tena, maana tangu 2018 wilaya zote 19 za Brussels, Evere ikiwemo, zina sheria ya kuzuia magari yenye moshi mchafu, na anayeivunja hupigwa faini. Ajabu ni kwamba Lada ya zaidi ya miaka 30, ikisajiliwa kama gari la kale, inaruhusiwa. Mkweche wa tajiri ni urithi, mkweche wa nesi ni uchafu!

Nikaenda mtaa wa Heyvaert, kule Anderlecht, ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa kununua magari chakavu na kuyapeleka Afrika kupitia bandari ya Antwerp. Mfanyabiashara akanitajia bei nzuri tu. Nikamuuliza linakwenda wapi, akasema Afrika Magharibi. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti mwaka 2020: kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje, mengi yakaenda nchi zisizo tajiri, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi. Nikasimama pale na funguo mkononi nikimfikiria baba wa jirani yangu.

Kwako sikulituma kwa sababu mbili. Kwanza usukani uko kushoto, na barabara ya Segera unaijua, kuovateki lori huku huoni mbele ni kujitafutia kaburi. Pili, moshi ambao watoto wa Evere wamekatazwa kuuvuta, siwezi kuwapelekea watoto wako kama zawadi.

Lakini sitawadanganya, mwishowe nililiuza pale pale. Kodi ya nyumba ilikuwa inasubiri. Watoto wa mtu mwingine wanauvuta sasa, na hilo linanisumbua kuliko nilivyodhani.

Nusu ya hela nimemtumia mama, achukue ya dawa, na wewe utapata ya kuanzia. Tafuta kagari kadogo ka petroli, usukani kulia, na kabla hujalipa mwite fundi aangalie breki. Jumapili nitakunywa kahawa na jirani. Msalimieni bibi.