Sensa ya Nyuma: Kwa Nini Pikapu Ililindwa Kuanzia Mkiani

Mwaka 1987 Ford ilianza kuweka kwenye pikapu zake za F-Series mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame wakati wa breki (ABS), yaani yasiache kuzunguka huku gari bado linakwenda. Mwaka uliofuata Chevrolet na GMC nazo zikatoa pikapu zenye mfumo wa aina hiyo. Mifumo yote hiyo ililinda magurudumu ya nyuma tu. Ya mbele yaliachwa kama yalivyokuwa. Kwa mtu anayejua kwamba kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanywa na breki za mbele, jambo hili linashangaza, na wengi wamelieleza kwa neno moja: ubahili. Nadhani maelezo hayo hayatoshi. Sensa ya nyuma, inayoupa mfumo huo habari za mwendo wa magurudumu, haikushuka kwenye pikapu kama makombo ya anasa ya magari ya kifahari. Iliwekwa kujibu tatizo ambalo pikapu ilizaliwa nalo, na historia hiyo ndiyo inayoeleza sensa ilikaa wapi, kwa nini baadaye ilihama, na kwa nini kuibadilisha ni kazi ya breki wala si kazi ya kuzima taa kwenye dashibodi.

Pikapu ya kwanza ya Ford kutoka kiwandani ikiwa na bodi lake la mizigo ilikuja mwaka 1925, juu ya Model T. Breki ya mguu ya gari hilo ilikaza ngoma iliyokuwa ndani ya gia boksi, kwa hiyo nguvu yake yote iliishia kwenye magurudumu ya nyuma. Breki za magurudumu manne zilipokuja na Model A iliyofuata, swali likawa ni kiasi gani cha nguvu kipelekwe nyuma, na kwa pikapu swali hilo halina jibu moja. Injini na kabini viko mbele. Bodi likiwa tupu, ekseli ya nyuma imebeba uzito mdogo, na dereva akikanyaga breki hata huo mdogo unakimbilia mbele. Magurudumu ya nyuma yanakwama mapema, na tairi lililokwama haliwezi tena kushikilia barabara kwa upande, hivyo mkia unaanza kutafuta njia ya kutangulia. Pakia saruji kwenye bodi lilelile, na ekseli ileile sasa inadai breki kali kuliko ilivyodai ikiwa tupu. Gari dogo la abiria halijui tofauti kubwa namna hiyo kati ya asubuhi na jioni.

Kabla ya elektroniki, wahandisi walijaribu kulimaliza tatizo hili kwa vali. Ile ya kawaida ilipunguza presha ya mafuta ya breki kwenda nyuma kwa kipimo kisichobadilika, na hivyo ililazimika kukosea upande mmoja: ukiipima kwa gari tupu, gari lenye mzigo linakosa breki nyuma, ukiipima kwa mzigo, gari tupu linaserereka. Ikaja vali inayofuata mzigo. Mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri kutokana na Toyota Hilux: iko kwenye chasisi karibu na ekseli ya nyuma, nayo ina fimbo inayoiunganisha na ekseli. Bodi likishuka kwa uzito, fimbo inasukuma vali ipitishe presha zaidi. Ni wazo zuri sana, lakini linategemea urefu kati ya chasisi na ekseli ubaki vile kiwanda kilivyoupanga. Mwenye gari akiongeza majani ya springi ili abebe zaidi, gari linanyanyuka, na vali inaamini kwamba bodi ni tupu hata likiwa limejaa. Hapo inapunguza breki za nyuma saa ileile zinapohitajika kuliko wakati wowote. Vumbi, kutu na fimbo iliyopinda huleta madhara ya aina hiyohiyo, na hakuna taa inayomwonya dereva.

Wakati huohuo breki zisizokwama zilikuwa zikikua kwingine. Dunlop ya Uingereza ilitengeneza Maxaret kwa ajili ya ndege katika miaka ya 1950. Mwaka 1969 Ford ilitoa mfumo wa Sure-Track kwenye magari yake ya bei kubwa, nao ulikuwa wa magurudumu ya nyuma tu. Mwaka 1971 Chrysler iliweka wa magurudumu manne kwenye Imperial. Na mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz zikauleta mfumo wa kielektroniki kwenye S-Class. Kwa hiyo pikapu zilipofikiwa mwaka 1987, ujuzi wa kulinda magurudumu yote manne ulikuwepo. Hapa ndipo anayesema ubahili anapopata nguvu, na ni kweli kwamba bei ilihesabiwa: sensa moja, vali moja, bomba moja la kwenda nyuma. Lakini bei inaeleza tu kwa nini ililindwa ekseli moja. Haielezi kwa nini ikawa ya nyuma. Gari lililokwama mbele haligeuki, ila huendelea kwenda lilikoelekea. Lililokwama nyuma huzunguka kabla dereva hajapata nafasi ya kurekebisha usukani. Mwenye fedha za kulinda ekseli moja ya pikapu alikuwa na chaguo moja la busara.

Mahali sensa ilipowekwa panathibitisha hayo. Ford iliifunga juu ya difu, ikisoma meno ya duara la chuma lililozunguka pamoja na krauni, yaani gia kubwa ya difu. General Motors, inayomiliki Chevrolet na GMC, ilichukua mwendo kwenye mkia wa gia boksi. Huko kote kinachosomwa ni wastani wa magurudumu mawili, kwa kuwa krauni huzunguka kwa wastani wa kushoto na kulia. Hakuna gurudumu lililopimwa peke yake. Kilichochungwa ni ekseli nzima, ileile iliyokuwa ikichungwa na fimbo ya vali. Kwenye pikapu za Ford za miaka ya 1990, sensa hiyo ya difu ilikuja kulisha hata spidomita, kiasi kwamba ikifa, mshale nao unalala.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye takwimu. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilipochunguza pikapu hizi katika miaka ya 1990, iliona kwamba ajali zisizoua za kupinduka na kutoka nje ya barabara zimepungua, lakini haikuona upungufu kama huo kwenye ajali zinazoua. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba sensa ya nyuma ilikuwa jibu dhaifu. Mimi naona ilikuwa jibu sahihi kwa sehemu tu ya swali: ilizuia mkia usiserereke kwa sababu ya breki, lakini mkia huserereka pia kwenye kona, mguu ukiwa mbali na breki. Hilo lilishughulikiwa na mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari, uliopitishwa kuwa lazima Marekani mwaka 2007 na kukamilika kwa magari yote mapya ya hadi kilo 4,536 kufikia Septemba 2011. Mfumo huo hukamata gurudumu moja moja ili kunyoosha gari, na kwa kazi hiyo wastani wa difu haufai kitu. Ndiyo maana sensa ikawa mbili, kila moja kwenye gurudumu lake.

Uhamisho huo uliibadilisha pia kazi ya fundi. Sensa ya zamani ilikuwa koili na sumaku: ohmita iliweza kuonyesha kama koili imekatika. Kuibadilisha kulihitaji kusafisha juu ya difu kwanza, ili uchafu usidondokee ndani ya oili, kufungua bolti, kufuta chembechembe za chuma zilizonaswa na sumaku na kuweka oringi mpya. Chembechembe hizo zilikuwa habari zenyewe, kwa maana zikiwa nyingi zinatangaza kwamba gia za difu zinalika. Sensa za kisasa nyingi hupewa umeme na gari na husoma hata gurudumu likijongea polepole, jambo ambalo koili haikuliweza. Lakini ohmita haiwezi kuhukumu uzima wake. Zinakaa karibu na matope na joto la breki, kutu hukua kuzizunguka, na plastiki yake huvunjika ndani ya tundu fundi akiivuta kwa nguvu. Waya wake hupita juu ya ekseli inayopanda na kushuka siku nzima, kwa hiyo vishikizo vyake vikiachwa, sensa mpya itakatika waya. Na pale sumaku ya kusomwa inapokuwa kwenye sili ya beringi, beringi ikigeuzwa upande haitasomeka hata ungeweka sensa ngapi.

Wapo wanaosema: pikapu za zamani zilifunga breki bila sensa, basi ichomoe na uendelee na safari. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama gari lingekuwa bado limejengwa kama zile za zamani. Katika magari mengi yenye ABS, ugawaji wa nguvu kati ya mbele na nyuma unafanywa na kompyuta kwa kulinganisha mwendo wa magurudumu, na vali ya fimbo haipo tena chini ya bodi. Sensa moja ikifa, mara nyingi kompyuta bado inaweza kugawa nguvu hiyo kwa kutumia sensa zilizobaki, na taa ya ABS huwaka peke yake. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nayo, huku mafuta ya breki yako kwenye kipimo na hendibreki imeshushwa, mara nyingi ugawaji huo nao umepotea, na ekseli ya nyuma ya pikapu tupu inapokea presha ambayo hakuna kitu kinachoipunguza.