Ukuta wa pambo

Ukuta wa pambo ni ukuta mmoja wa chumba unaopewa rangi, nakshi au umbile tofauti na kuta nyingine, ili jicho la anayeingia litue hapo kwanza. Unaweza kupakwa rangi nzito, kubandikwa karatasi, kupigiliwa fito za mbao, au kupigwa lipu yenye mikwaruzo ya makusudi. Makala haya yanahusu ukuta ambao mwenye nyumba anautengeneza mwenyewe. Sehemu kubwa ya muda huishia kwenye maandalizi. Rangi yenyewe hupakwa kwa saa chache tu.

Asili

Kukusanya pambo kwenye ukuta mmoja si jambo geni pwani ya Afrika Mashariki. Nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu za karne ya 18 zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba vilivyofuatana kutoka uani kwenda ndani: msana wa tini, msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani. Wembamba wake ulitokana na dari, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuweza kubeba upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Nakshi zilikuwepo hata kwenye vizingiti vya milango, lakini wingi wake uliwekwa ndani, ambako ukuta ulijazwa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu na kuchongwa katika lipu ya chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Humo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China na vitu vingine vya thamani. Mwanga wa uani hupungua kila unapovuka msana mmoja kwenda mwingine, na weupe wa chokaa ndio unaoufanya ukuta ule uonekane ukiwa bado mbali. Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili mjini Lamu yanaonyesha mpangilio huu, na kila anayefikiria kupamba ukuta wa sebule yake angefaidika kusimama pale kidogo.

Huko Gisaka, mashariki mwa Rwanda, wanawake wamekuwa wakipamba kuta za ndani kwa imigongo, michoro ya pembe na mistari inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha kutiwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Ukuta mmoja wa rangi bila nakshi yoyote ulipata nguvu kutokana na wasanifu wa karne ya 20. Katika nyumba ya Maison La Roche mjini Paris, iliyojengwa kati ya 1923 na 1925, Le Corbusier alipaka baadhi ya kuta rangi nzito na kuziacha nyingine nyeupe. Aliamini kwamba buluu huufanya ukuta urudi nyuma na kwamba rangi za udongo huushikilia mahali pake. Mwaka 1931 aliitungia kampuni ya Salubra ya Uswisi mkusanyo wa rangi 43 za karatasi za ukutani. Nchini Mexico, Luis Barragán aliitumia njia hiyo katika nyumba yake mwenyewe ya mwaka 1948, ambayo tangu 2004 ni Urithi wa Dunia.

Kuchagua ukuta

Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo kazi inapoharibikia. Ukuta uchaguliwe kwanza. Anayetaka kuuchagua asimame mlangoni, aingie kama mgeni, na aangalie macho yanatua wapi. Sebuleni mara nyingi ni ukuta wa nyuma ya televisheni au wa nyuma ya kochi kubwa. Chumbani ni ule wenye kichwa cha kitanda. Ukuta uliokatwakatwa na milango, madirisha na swichi haufai, kwa kuwa rangi hubaki vipande vipande. Chumba kirefu mithili ya ujia hufupika kidogo ukuta wake wa mwisho ukipakwa rangi nzito, na hilo ni jambo zuri kwa nyumba nyingi za kupanga.

Mwanga nao una neno. Ukuta wenye dirisha huonekana mweusi mchana kwa sababu ya mng'ao unaotoka nje, hivyo rangi yoyote utakayoupaka hupotea. Ukuta unaotazamana na dirisha hupata mwanga wa kutosha na rangi husomeka vyema. Ukuta ulio ubavuni mwa dirisha ndio wenye mtihani. Katika nchi za karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini kupitia madirisha ya mashariki na magharibi, likipita juujuu ya ukuta huo na kutoa kivuli kwenye kila kibonde na kila nundu ya lipu. Kama hauna budi kuwa ndio huo, unyooshwe vizuri zaidi ya mwingine wowote.

Maandalizi

Adui wa kwanza ni unyevu. Kata kipande cha nailoni kama upana wa gazeti, kibandike ukutani kwa utepe kingo zote nne, ukiache siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, maji yanatoka ukutani, na hakuna rangi itakayokaa mpaka chanzo kitibiwe: bomba linalovuja, paa, au msingi unaofyonza maji ya ardhini. Pwani kuna tatizo la ziada. Lipu iliyopigwa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa hutoa chumvi, na unga mweupe hujitokeza juu ya rangi miezi michache baadaye. Unga huo hupigwa brashi kavu, kwa sababu maji huuyeyusha na kuurudisha ndani.

Lipu mpya ya saruji iachwe wiki nne kabla ya kupakwa. Saruji changa ina alkali kali, na ikikutana na rangi ya mafuta, mafuta hayo hugeuka aina ya sabuni. Rangi hubaki ikinata kisha hubabuka. Rangi ya maji huvumilia zaidi, lakini hata nayo inahitaji praima inayostahimili alkali.

Ukishakuwa mkavu, ukuta hupigwa skimu kwa puti ya ukutani au unga wa jipsamu, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, kisha husuguliwa kwa msasa namba 120 na kumaliziwa na 180 au 220. Njia nzuri ya kukagua ni kusubiri giza, kuzima taa, na kulaza tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga wake uteleze juu ya lipu. Makosa yasiyoonekana mchana huonekana yote hapo, na huzungushiwa kalamu ya risasi ili yarudiwe kesho yake. Vumbi lote lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya praima, maana rangi iliyopakwa juu ya vumbi hushika vumbi, na ukuta hauishiki.

Rangi za zamani za mafuta zaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ukuta wa namna hiyo usisuguliwe mkavu kamwe. Usuguliwe ukiwa umeloweshwa, watoto na wajawazito wakiwa nje ya nyumba, na uchafu wote ukusanywe.

Kupaka

Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, na pungufu ya hapo kwenye ukuta wa mikwaruzo. Ukuta wa mita 4 kwa 2.7 una mita za mraba 10.8, kwa mikono miwili ni lita 2 na ziada kidogo. Rangi nyekundu na njano kali mara nyingi hudai mkono wa tatu. Kabla ya kununua kopo kubwa, paka kipande cha nusu mita ukutani penyewe ukiangalie asubuhi, jioni na chini ya taa, kwa kuwa taa ya njano hubadilisha sana buluu na kijani.

Pembe ndipo kazi ya mkono inapojulikana. Utepe ukibandikwa kwenye ukuta jirani, rangi mpya hupenya chini ya ukingo wake na kuacha meno. Mafundi makini hupitisha kwanza rangi ya ukuta jirani juu ya ukingo wa utepe: hiyo ndiyo inayopenya na kuziba upenyo, na kwa kuwa ni rangi ileile haionekani. Ikikauka, ndipo rangi mpya hupakwa. Utepe huvutwa polepole, ukikunjwa nyuma, rangi ikiwa bado laini. Ukisubiri ikauke kabisa, hung'oka nayo. Katikati, rola iende kwa vipande vya upana wa mita moja, kila kipande kikutane na mwenzake kabla hakijakauka, la sivyo michirizi hubaki.

Fito na karatasi

Ukuta wa fito hutegemea hesabu. Tuseme ukuta una sentimita 355 na fito zina upana wa sentimita 5. Fito 15 huchukua sentimita 75, zinabaki 280. Mapengo ni 14, hivyo kila pengo ni sentimita 20 kamili. Ukuta na fito hupakwa rangi kabla ya kupigiliwa, kisha misumari huzibwa na kuguswa tena. Fito ya kwanza inyooshwe kwa pimamaji au timazi, isifuatishwe pembe ya chumba, kwa maana pembe nyingi zimeinama. Mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa. Usitoboe juu wala chini ya swichi na soketi, maana huko ndiko nyaya hupita.

Karatasi za kubandika hupendeza haraka, lakini kwenye ukuta wenye joto na unyevu wa pwani huachia kwenye maungio na kuotesha ukungu nyuma. Zinafaa zaidi nyanda za juu, kama Nairobi au Arusha, na kwa mpangaji mwenye ruhusa ya mwenye nyumba.

Rangi inayobaki ihifadhiwe kwenye chupa ya kioo iliyojazwa karibu na mdomo, na kwenye kifuniko iandikwe namba ya rangi, namba ya toleo na tarehe. Kopo la toleo jingine, hata la namba ileile, laweza kutofautiana kidogo, na kiraka kikaonekana.