Ngome au ukuta wa moto?

Kompyuta yangu ya nyumbani hapa Kinoru ilijisasisha usiku. Asubuhi printa ikawa haionekani. Mtandao wa sebuleni ulikuwa umehesabiwa kuwa "wa umma", milango ya mawasiliano ikafungwa bila mimi kuulizwa.

Kizuizi kilichoifunga, yaani firewall, wengine hukiita ukuta wa moto. Jina linapotosha: msikilizaji huona ukuta unaowaka, kumbe asili yake ni ukuta wa kuzuia moto usivuke jengo hadi jengo. Mimi nachagua ngome. Mombasa ipo moja, Wareno walianza kuijenga 1593, ikapita mikononi mwa Waomani na hatimaye Waingereza. Yangu nayo hubadili bwana kila sasisho, na mwenye nyumba ndiye anayebisha hodi.